Hamira yaingia katika soko la rangi: Arusha itarajie nini?

KILA mfanyabiashara wa mayai mjini Arusha anafahamu kuwa rangi ya kiini ina bei yake. Yai la kienyeji lenye kiini cha njano iliyokolea huuzwa kwa bei ya juu kuliko yai la kuku wa kisasa lenye kiini kilichopauka, hata pale ambapo yai la kisasa ni kubwa zaidi. Mpishi wa hoteli ya kitalii hupasua moja kwanza kabla ya kuchukua trei kumi. Mama anayekaanga chipsi mayai hafiki mbali hivyo, lakini mteja wake naye huangalia sahani.

Kinacholipiwa hapo kitaalamu huitwa karotenoidi. Ni kundi la rangi za njano, chungwa na nyekundu zinazopatikana katika karoti, nyanya, mahindi ya njano, mawese na pilipili. Kuku hawezi kuzitengeneza mwilini mwake. Anachokula ndicho kinachoonekana katika kiini. Hali ni hiyo hiyo kwa heroe wa maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru: wekundu wao hutokana na viumbe vidogo vya majini wanavyokula, na akinyimwa chakula hicho manyoya yake hupauka.

Kwa zaidi ya nusu karne rangi hizi zimekuwa biashara kubwa ya viwanda vya kemikali vya Ulaya, na baadaye vya China. Sasa ameingia mshindani mwingine, naye ni hamira, ya jamii ile ile inayoumua maandazi na kuchachusha bia, ila hii imebadilishwa vinasaba ili itoe rangi. Baadhi ya wasomaji wetu wamekuwa wakiuliza kama habari hii inawahusu wafugaji wa Tengeru na Usa River, wachanganyaji wa chakula cha mifugo, na wale wanaofikiria kulima maua au paprika kwa mkataba. Inawahusu, ingawa si kwa namna ambayo wengi wanaitegemea.

MAHINDI YETU NI MEUPE

Tuanze na sababu ya tatizo kuwa kubwa zaidi kwetu. Chakula cha kuku hapa nchini hutegemea mahindi meupe, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa. Mahindi meupe karibu hayana rangi hizi. Nchi zinazolisha kuku mahindi ya njano hupata kiini cha njano bila gharama ya ziada. Watanzania wenye umri mkubwa watakumbuka unga wa mahindi ya njano wa misaada, uliobandikwa jina la "yanga", na jinsi ulivyochukiwa mezani. Chuki hiyo haijaisha, na ni sababu mojawapo ya wakulima wetu kuendelea kupanda mbegu nyeupe. Kuku ndiye anayelipa, au tuseme mfugaji.

Wafugaji wadogo wa mlimani hutatua jambo hili kwa mchicha, lusini na majani ya lukina. Njia hiyo ni nzuri na haina gharama kubwa, lakini aliye na kuku elfu tano hawezi kukata majani kila asubuhi. Huyo hununua rangi ya kuchanganya katika chakula.

Bidhaa za namna hii zina majina mengi ya biashara, lakini mnunuzi aangalie jina la rangi yenyewe na namba yake. Kwa utaratibu wa Ulaya, luteini ya maua ya marigoldi ni E161b, kantazanthini ni E161g, astazanthini ni E161j, paprika ni E160c, na beta-karotini ni E160a. Hiyo ya mwisho inawachanganya wengi. Beta-karotini ni rangi nzuri kwa siagi, soda na biskuti, lakini ni rangi dhaifu kwa kiini cha yai, kwa kuwa kuku huigeuza sehemu kubwa kuwa vitamini A. Anayemuuzia mfugaji beta-karotini kwa ahadi ya kiini chekundu anamuuzia vitamini.

HESABU YA KILO MOJA

Rangi hizi hutumika kwa kiasi kidogo mno, na hapo ndipo wengi wanaoota kiwanda hukosea hesabu. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2003 kiwango cha juu cha kantazanthini kwa kuku wa mayai kuwa miligramu 8 katika kila kilo ya chakula, baada ya kubainika kuwa binadamu akiipata kwa wingi hujenga chembe katika jicho. Kwa kiwango hicho, kilo moja ya rangi halisi hutosha tani 125 za chakula. Kuku mmoja wa mayai hula kiasi cha gramu 115 kwa siku. Kwa hiyo kilo moja hulisha kuku 1,000 kwa karibu miaka mitatu.

Madukani hakuna anayeuza rangi halisi. Huuzwa unga uliochanganywa, mara nyingi wenye asilimia 10 ya rangi, ili mchanganyaji aweze kuupima na kuusambaza. Hata hivyo msomaji anaona jambo lilivyo. Wafugaji wote wa Arusha na Kilimanjaro kwa pamoja wangetosheka na shehena ambayo pikapu moja ingeibeba bila kulemewa. Soko la rangi kwa hapa nyumbani ni la mifuko michache yenye thamani kubwa kwa uzito wake, na biashara ya namna hiyo huvutia watu wa aina mbili: waingizaji waaminifu na waghushi.

Waghushi tayari wameonekana kwingineko. Mwaka 2006 nchini China mayai ya bata yenye viini vyekundu yaligundulika kutiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV, ambayo haistahili kuliwa na mtu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi Februari 2005, Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa za vyakula kwa sababu unga wa pilipili uliotumika ulikuwa na Sudan I. Wanaouza pilipili na paprika nje ya nchi wanajua vipimo vilivyofuata baada ya hapo. Rangi nyekundu ya bei rahisi kupita kiasi haifai kuguswa.

MFEREJI NDANI YA HAMIRA

Sasa tuje kwenye hamira yenyewe. Hamira ya kawaida haina karotenoidi hata chembe. Lakini ina sehemu ya kwanza ya njia inayoelekea huko, na wanasayansi waliona kuwa kazi iliyobaki ni kuongeza sehemu ya mwisho.

Wakazi wa mteremko wa Meru watalielewa jambo hili kwa mfano wa mfereji. Maji hutoka juu, hupita langoni, hufika njia panda na kugawanywa kwenda mashambani. Ndani ya hamira maji hayo ni sukari. Sukari huvunjwavunjwa, kisha vipande vyake huunganishwa hatua kwa hatua hadi kufikia kiungo kinachofupishwa FPP. Hapo ndipo penye njia panda. Kwa kawaida mkondo mkubwa huenda kutengeneza ergosteroli, mafuta ambayo hamira huyahitaji kwa ajili ya utando wake, kama sisi tunavyohitaji kolesteroli.

Kazi ya kwanza ya wataalamu ni kuchimba mfereji mpya kutoka njia panda hiyo. Kinasaba cha kwanza kinarefusha FPP kuwa kiungo cha kaboni 20. Cha pili kinaunganisha viwili vya hivyo kupata kiungo cha kaboni 40 kisicho na rangi. Cha tatu kinakigeuza kuwa likopini, ule wekundu wa nyanya. Ncha zake zikikunjwa inapatikana beta-karotini ya karoti. Ukiongeza kinasaba kimoja zaidi cha aina maalumu unapata kantazanthini ya kiini cha yai. Ukiongeza viwili unapata astazanthini, inayofanya nyama ya samaki aina ya salmoni na trauti iwe ya waridi. (Trauti walipandwa katika mito ya mlima huu enzi za ukoloni, kwa hiyo wapo wasomaji wanaowafahamu.)

Kazi ya pili ni lango la juu. Lipo katika kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA ridaktesi, kile kile kinachozuiwa na vidonge vya statini wanavyopewa wenye kolesteroli nyingi. Hamira inapoona imetosheka hukifunga. Wataalamu huikata ile sehemu yake inayopokea amri ya kufunga, na lango hubaki wazi. Lakini ukichepusha maji yote, hamira hukosa ergosteroli na kudumaa, kama shamba la jirani wa chini linavyokauka. Sehemu kubwa ya utafiti wa miaka thelathini iliyopita imekuwa juu ya mgao huo.

Maendeleo yake yanaweza kusomwa katika namba. Mwaka 1990 Norihiko Misawa wa kampuni ya bia ya Kirin ya Japani, pamoja na wenzake, walieleza vinasaba vya rangi vya bakteria wa njano wanaokaa katika mimea. Mwaka 1994 vinasaba hivyo vilitiwa katika hamira ya kuokea mikate, na gramu moja ya hamira kavu ikatoa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya miligramu. Hicho kilikuwa kitu cha kuonyesha maabara tu. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walitumia vinasaba vya hamira nyekundu ya porini na kufikia miligramu 5.9 kwa gramu. Mwaka 2018 kundi jingine liliachana na hamira ya mkate na kutumia Yarrowia lipolytica, hamira yenye tabia ya kujaza mafuta mwilini, na likafika miligramu 90 kwa gramu. Rangi hizi huyeyuka katika mafuta, hivyo hamira iliyonenepa ina ghala kubwa zaidi la kuzihifadhi.

Mwaka 2022 ilitangazwa hatua kubwa zaidi. Watafiti waligundua kuwa kimeng'enya kimoja katika njia hiyo kilikuwa kikijiziba chenyewe kila likopini ilipokuwa nyingi, kama foleni ya magari inavyojifunga Kilombero siku ya soko. Walibadilisha kiungo kimoja tu katika kimeng'enya hicho, foleni ikafunguka, na Yarrowia ikatoa gramu 39.5 za beta-karotini katika kila lita ya mchanganyiko. Kazi hiyo ilichukua takriban siku kumi. Kama matokeo hayo yangehamishwa bila hasara kwenye pipa la lita 10,000, kila mkupuo ungetoa kilo 395.

Tunasema "kama" kwa makusudi. Pipa la maabara la lita chache hupata hewa na sukari kwa kipimo sahihi. Pipa la lita 10,000 hupata joto na povu, na lina kona ambazo hewa haifiki. Kisha rangi imo ndani ya seli, kwa hiyo lazima seli zipasuliwe, mafuta yatenganishwe na rangi isafishwe bila kuunguzwa na mwanga wala hewa. Mtengenezaji wa mbege au wa pombe ya ndizi huuza kilichomo ndani ya pipa chote. Wa rangi huuza sehemu ndogo sana na kulipia gharama ya kutupa iliyobaki.

Ipo pia hamira ambayo ni nyekundu kwa asili. Huitwa Phaffia, kwa heshima ya Herman Phaff, ambaye yeye na wenzake waliipata miaka ya 1960 katika utomvu wa miti huko Japani na Alaska. Hutoa astazanthini bila kubadilishwa vinasaba, na imekuwa ikiuzwa kwa wafuga samaki. Kasoro yake ni kuwa hutoa kidogo.

ARUSHA ILISHAONA MBIO HIZI

Msomaji wa Arusha ana faida moja. Mbio za hamira dhidi ya shamba zimewahi kukimbiwa hapa hapa, kwa zao la artemisia, mmea unaotoa artemisinini ya dawa ya malaria. Na kwa bahati artemisinini huanzia katika njia panda ile ile ya FPP.

Miaka ya 2000, baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza dawa za mseto, mahitaji yaliruka. Bei ya artemisinini ilivuka dola 1,000 za Marekani kwa kilo mwaka 2005. Kampuni ya African Artemisia ilifanya kazi na wakulima wa Kaskazini mwa Tanzania, na majani makavu yalipelekwa kukamuliwa katika kiwanda cha Athi River nchini Kenya. Lakini China na Vietnam nao walipanda, tena kwa wingi. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi kiasi cha dola 200, na wakulima wengi wa Afrika Mashariki wakalitupa zao hilo.

Hamira haikuwa na mkono katika anguko hilo. Wakati huo ilikuwa bado maabara. Profesa Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kampuni ya Amyris walikuwa wakiishughulikia kwa msaada wa dola milioni 42.6 kutoka mfuko wa Bill na Melinda Gates uliotolewa mwaka 2004. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2006. Mwaka 2013 kampuni ya madawa ya Sanofi ilianza uzalishaji katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, na mwaka 2014 shehena ya kwanza ya dawa zilizotokana na hamira ilipelekwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo jirani zetu Burundi na Kongo.

Kisha soko likatoa hukumu. Sanofi iliweka bei isiyo na faida ya dola 350 hadi 400 kwa kilo. Artemisinini ya mashamba ilishuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 kiwanda cha Garessio hakikutoa hata kilo moja ya artemisinini ya hamira, na mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Mkulima wa Asia, kwa jembe lake, aliishinda hamira iliyogharimu mamilioni.

Wapo wanaochukua habari hii na kusema hamira haina hatari. Maoni yetu ni tofauti. Artemisia ilishinda kwa sababu soko lake ni dogo, la tani mia na kitu tu kwa mwaka, na kwa sababu hamira ilitoa asidi ambayo bado ilihitaji kemia ya ziada kiwandani. Katika karotenoidi hamira hutoa rangi iliyokamilika. Hilo ni badiliko la maana.

MSHINDANI MKUBWA NI KIWANDA

Hata hivyo, anayepaswa kuiogopa hamira kwanza si mkulima. Karotenoidi nyingi za viwandani hutengenezwa kwa kemia kutokana na mafuta ya petroli. Roche ya Uswisi ilianza kuuza beta-karotini ya namna hiyo mwaka 1954. Biashara hiyo ya Roche ilinunuliwa na DSM ya Uholanzi mwaka 2003, na mpinzani mkuu amekuwa BASF ya Ujerumani.

Soko lenye wauzaji wachache hujulikana mwenendo wake. Mwezi Mei 1999 Roche ilikubali kulipa faini ya dola milioni 500 nchini Marekani, na BASF dola milioni 225, kwa kupanga bei za vitamini. Novemba 2001 Tume ya Ulaya ilizitoza kampuni nane jumla ya euro milioni 855, na katika orodha ya bidhaa zilizopangiwa bei zilikuwamo beta-karotini na karotenoidi nyingine. Kwa miaka kadhaa kila mfuga kuku aliyenunua rangi, popote alipokuwa, alilipa bei iliyopangwa hotelini.

Pana hatari nyingine ya wauzaji wachache. Oktoba 2017 moto uliwaka katika kiwanda cha BASF cha Ludwigshafen kinachotoa malighafi ya vitamini A na E. Tarehe 29 Julai 2024 ukatokea mlipuko na moto katika eneo hilo hilo la viwanda, na mwezi Agosti kampuni ikatangaza kuwa haiwezi kutimiza mikataba yake ya vitamini A, E na baadhi ya karotenoidi. Moto mmoja wa Ujerumani hutosha kumpandishia gharama mchanganyaji wa chakula wa Unga Limited. Hapo ndipo hamira inapokuwa habari njema kwa mnunuzi: chanzo kingine cha bidhaa ile ile, kisichotegemea bomba lile lile.

Lakini lazima ishindane kwa bei. Astazanthini ya kemia hutajwa na wataalamu kuwa karibu dola 1,000 kwa kilo, ilhali ile ya mwani huuzwa mara kadhaa ya hapo kwa ajili ya vidonge vya afya. Hamira italazimika kukaa katikati: isiwe ghali kama mwani, na ipate kibali cha kuitwa ya asili. Je, rangi ya hamira iliyobadilishwa ni ya asili? Wanunuzi wa Ulaya hawajakubaliana. Sheria zao hutenganisha beta-karotini ya kemia, ya mimea, ya kuvu aitwaye Blakeslea trispora na ya mwani, kila moja kwa kifungu chake.

Marekani nayo imeongeza kasi. Januari 2025 serikali yake ilipiga marufuku rangi Nyekundu Namba 3 katika vyakula, viwanda vikipewa hadi Januari 2027, na Aprili 2025 ikatangaza nia ya kuondoa rangi nyingine za petroli. Viwanda vya peremende na vinywaji vinatafuta mbadala, na karotenoidi ni miongoni mwa vinavyotazamwa.

KIWANDA HAPA?

Swali hili huulizwa na wenye mitaji kila mara. Malighafi ya hamira ni sukari. Kwa hesabu ya kemia pekee, kilo moja ya beta-karotini hula si chini ya kilo nne za sukari, na kwa vitendo ni nyingi zaidi kwa kuwa hamira nayo lazima ile ili iishi. Molasi ya kiwanda cha TPC ipo karibu, pale Arusha Chini mkoani Kilimanjaro. Ufundi wa kuchachusha upo pia, katika viwanda vya bia na vya pombe ya ndizi vya mjini hapa.

Lakini molasi ina wanunuzi wake tayari, wa spiriti na wa malisho ya ng'ombe, na sukari ya Tanzania si ya bei rahisi. Amyris walipotaka sukari kwa bidhaa zao nyingine walijenga Brazili, penye bahari ya miwa. Pia hamira hizi zimefungwa na hataza, na kinachohitajika kuziendesha ni maabara na wahandisi wa kiwango ambacho kwa sasa hapa kinaweza kutafutwa katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru kwa mafunzo, si kwa uzalishaji. Atakayewaletea wasomaji andiko la kiwanda cha rangi ya hamira Njiro, aulizwe kwanza leseni ya hamira ni ya nani.

Kuhusu hisa, katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya namna hii. Wanaotamani zile za nje watazame walioingia mapema. Amyris iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2010 kwa dola 16 kila moja. Agosti 2023 iliomba kinga ya mufilisi. Evolva ya Uswisi, iliyokuwa ikitengeneza vionjo kwa hamira, iliuza shughuli zake kwa Lallemand ya Kanada mwishoni mwa 2023. Sayansi ya kampuni zote mbili ilifanya kazi. Kilichozishinda ni gharama ya kuendesha mapipa makubwa kabla wateja hawajawa wengi.

MKULIMA NA MKATABA WA MAUA

Hapa ndipo penye fedha za watu wetu. Arusha ina ujuzi wa muda mrefu wa mbegu za maua na mboga, na marigoldi humea vizuri. Luteini ya maua hayo kwa kiasi kikubwa hutoka India na China. Mwenye kuletewa mkataba wa marigoldi au paprika aangalie mambo ambayo mikataba ya artemisia na ya mbono iliyapitia kwa haraka. Mkamuaji yuko wapi? Maua yenye maji mengi hayasafiri. Yasipokaushwa na kukamuliwa karibu, faida huishia kwenye lori. Bei imefungwa kwa kipimo gani, uzito wa ua au rangi iliyomo? Na mnunuzi amejifunga kununua kwa misimu mingapi? Mkataba wa msimu mmoja unamwachia mkulima hatari yote ya msimu wa pili.

Wanaohitaji mfano wa karibu waangalie pwani ya Kenya, kaunti ya Kwale, ambako wakulima hulima mzingefuri. Mbegu zake hutoa biksini, rangi ya jibini na siagi, E160b, na Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa zao hilo duniani pamoja na Peru na Brazili. Biksini nayo huzalishwa kutokana na likopini. Mwaka 2003 watafiti walitambua vinasaba vitatu vinavyoifanya na wakaitengeneza ndani ya bakteria. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa na mzingefuri bado unauzwa, kwa kuwa mti huo haudai matunzo makubwa na mbegu yake kavu husafiri bila kuharibika. Rangi ambayo mmea wake unadai maji, dawa na vibarua wengi haina kinga hiyo, na paprika imo katika kundi hilo.

Kwa mfugaji wa leo, hamira haijabadilisha kitu dukani. Anunue unga wenye jina la rangi, asilimia yake na namba ya shehena, apime kwa mizani na si kwa kikombe, na asubiri kiasi cha siku kumi kabla ya kumlaumu muuzaji, maana kiini hujengwa kwa siku kadhaa kabla yai halijatagwa.